Wanawake Waliokuja na Fimbo

Juzi sokoni Babati alinipita mama mmoja wa Kibarabaig, amevaa sketi yake ya ngozi, na harufu yake ikanifika kabla sijamtazama vizuri. Ni harufu ya samli iliyopakwa kwenye ngozi, ikakaa juani na kwenye moshi wa kuni kwa miaka. Nilikuwa nachagua nyanya. Muuzaji akaniuliza kama naumwa, maana nilisimama na nyanya mkononi nimeduwaa. Nikamwambia sijambo. Uongo mtupu. Moyo ulikuwa unanienda mbio, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu.

Nawaandikia ninyi mliokula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na kupanga foleni ya sabuni, maana ndio mtakaonielewa. Vijana wa sasa ukiwaambia watu wa kwetu walikaa wakapatana, wanauliza semina ilifanyikia ukumbi gani. Hapakuwa na ukumbi. Palikuwa na uwanja wa nyumba yetu, na pinde zilizokwisha kuvutwa.

Tulikaa upande wa Basotu, pale mahindi yetu yalipoishia na ngano ya serikali ikaanza. Ukisimama mlangoni uliona ngano mpaka macho yanachoka. Baba alikuwa dereva wa trekta huko kwenye ngano, na kazi hiyo ilimpa heshima, ovaroli na viatu vya mpira. Sisi ni Wambulu. Baba na Mama walihama Tumati kwa sababu ya ufinyu wa ardhi. Wabarabaig tuliwakuta, na ngano iliwakuta wao vilevile. Ng'ombe wao walikuwa na njia pana ya kwenda ziwani, iliyokanyagwa tangu kwa babu zao, na njia hiyo ililimwa yote ikawa ngano. Sasa ng'ombe hajui habari za wizara. Akishikwa na kiu anakwenda kwenye maji, na kati yake na maji palikuwa na mahindi ya mama yangu.

Tuliwaita Wamang'ati. Wakubwa walisema jina hilo limetoka kwa Wamasai na maana yake ni adui, na hakuna aliyeona tabu kulitumia kila siku. Mtoto akilia aliambiwa, "Nyamaza, Mmang'ati atakusikia." Mimi nilikuwa mtoto wa kulialia, kwa hiyo nilikuwa na hakika wananijua wote, kwa sauti na kwa jina.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye palizi, Mama na mimi. Mimba yake ilikuwa kubwa, anapalia huku ameegemea mpini wa jembe kila baada ya hatua chache. Mjue kwamba mimi nilikuwa peke yangu kwa wazazi wangu. Baada yangu Mama alikaa miaka mingi bila kushika mimba, na watu walikwisha kusema waliyosema. Mimba ile ilikuwa imenyamazisha midomo mingi, na Baba alikuwa akitoka kazini anapiga mluzi tangu mbali.

Ng'ombe waliingia upande wa chini. Tulisikia mahindi yanavunjika kabla ya kuwaona. Mama akapiga kelele, akaenda mbio, kama mtu wa hali yake anavyoweza kwenda mbio, akamtandika mtamba mmoja mgongoni kwa mpini wa jembe. Mchungaji alitokea nyuma ya ng'ombe. Alikuwa kijana anayeitwa Gidamis. Tulimfahamu kwa sura, kwa sababu mama yake aliuza maziwa pale senta. Akasema kitu kwa lugha yao, Mama akamjibu kwa yetu, hakuna aliyemwelewa mwenzake, na Mama akanyanyua mpini tena. Gidamis akampiga kwa fimbo ubavuni. Mara moja tu. Mama akakaa chini kwenye tuta, polepole, akashika tumbo kwa mikono miwili. Yule kijana alimtazama Mama, akalitazama tumbo, na uso wake ukabadilika kabisa. Kisha akaswaga ng'ombe wake akapotea nao.

Mama hakulia. Aliniambia, "Nipe mkono nisimame," na tukashika njia ya zahanati.

Nesi wa zahanati alimpapasa, akasikiliza kwa kile kipembe chake cha kusikilizia mimba, akahamisha, akasikiliza tena. Akasema alale kitandani, asinyanyue kitu, tungoje. Mtoto alikuwa amezoea kucheza jioni, Mama akila. Jioni ile Mama alikula, tukamwangalia, na hakucheza. Baba alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, bado amevaa ovaroli, mikono yake yenye grisi imening'inia tu. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ya Baba haifanyi kazi.

Kesho yake baba mdogo Tluway alifika kutoka Tumati na wanaume wengine wa ukoo. Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kunitania kwamba ataniozesha kwa mzee asiye na meno. Siku hiyo hakunitania. Waliegemeza mikuki na pinde ukutani kwa nje, wakaingia wakampa pole Mama, wakatoka wakakaa uwanjani na Baba.

"Kaka," akasema baba mdogo, "leo wamempiga mjamzito. Kesho watafanya nini?"

"Tungoje," Baba akasema. "Mtoto anaweza kuwa mzima."

"Na akiwa si mzima?"

Baba mdogo akaendelea, "Akizaliwa mfu, tunakwenda kwenye boma lao na wewe unatangulia. Sema hapa, watu wakusikie."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Baba akasema, "Nitatangulia." Ndani, Mama alikuwa amesikia pia. Akafumba macho akasema, si kwangu wala si kwa mtu, "Hasira hasara." Tangu hapo nilielewa hesabu yenyewe, na nadhani hilo nililielewa sawasawa: mtoto asipocheza, Baba ataondoka na mkuki na huenda asirudi. Nilianza kulisemesha lile tumbo. Nilimwahidi yule mtoto kikombe changu cha bati na nafasi yangu ya ukutani kitandani, ilimradi apige teke moja.

Jua lilipoanza kupungua nguvu, wasichana wawili wa Kibarabaig wakaja wakasimama kwenye ua wa minyaa. Hawakusalimia. Walichungulia uwanjani, wakanitazama mimi, mmoja akaashiria tumbo lake kwa mkono, akaashiria nyumba yetu. Wakaondoka upesi. Nikaenda mbio kumwambia baba mdogo kwamba Wamang'ati wametuma watu kuangalia tumbo la Mama, wanataka kuja kummaliza mtoto. Baba mdogo akawatazama wenzake. "Wanapeleleza," akasema. "Wanahesabu wanaume." Wakasogeza silaha karibu.

Asubuhi, umande bado uko kwenye majani, tukasikia sauti. Sio kelele. Ilikuwa sauti nzito ya watu wengi wanaoimba bila kufungua sana midomo, inatoka upande wa ngano, inakuja. Nilipanda juu ya kinu nikaona. Walikuwa wanawake, wamejaa kwenye barabara ya matrekta, sketi za ngozi zinapigapiga miguuni, shaba za mikononi zinamulika jua, na kila mmoja ameshika fimbo. Hata vikongwe walikuwa na fimbo. Mkojo ulinitoka pale pale juu ya kinu, na wala sioni haya kusema.

"Wamewatanguliza wanawake," akasema baba mdogo. "Wanaume wako nyuma, wamejificha kwenye ngano." Akavuta upinde. Wenzake wakajipanga kwenye ukuta wa zizi. Baba alisimama mlangoni na mkuki, mimi nikajificha nyuma ya miguu yake, na nikaisikia miguu yenyewe inatetemeka. Kumbe baba hutetemeka. Hilo liliniogopesha kuliko wale wanawake.

Hawakupunguza mwendo. Harufu ya samli ikaingia uwanjani kabla yao. Baba mdogo akasema, "Wakivuka ua, napiga wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa kikongwe, mrefu, amenyoa, anaitwa Udaseda. Nilijua jina lake baadaye.

Hapo ndipo Mama alipompita Baba pale mlangoni. Sijui aliondokaje kitandani. Alikuwa amejifunga kanga juu ya tumbo, miguu mitupu, na alitembea mpaka katikati ya uwanja akasimama mbele ya upinde wa shemeji yake, amempa mgongo. Baba akasema, "Mama wee, rudi," kwa sauti ndogo sana. Mama hakurudi. Baba mdogo angeachia uzi, mshale ungempata Mama kwanza.

Kutoka nyuma ya kundi ikasikika sauti ya Kiswahili, inahema. "Shemeji, shusha! Shusha hicho kitu!" Alikuwa Mama Zuhura, mke wa mwenye duka pale senta. Mama Zuhura alikuwa Mrangi, Mwislamu, na kwa biashara ya maziwa na shanga alikuwa anasema Kibarabaig kuliko baadhi ya Wabarabaig. Ushungi ulikuwa umemtoka kichwani kwa kukimbia. "Hakuna mwanaume nyuma," akasema alipotufikia. "Wamekatazwa. Hawa hawakuja kwa ajili yenu. Wamekuja kwa ajili ya huyu dada."

Hakuna aliyemwamini. Wanawake walivuka ua, wakamzunguka Mama, wakaketi chini wote kwa pamoja na fimbo zao mapajani, na Udaseda peke yake akabaki amesimama. Akaonyesha pinde kwa kidole, akasema neno moja.

"Anasema wanaume wakae mbali," akatafsiri Mama Zuhura. "Hili baraza ni la wanawake." Baba akawafuata wenzake kwenye zizi.

Ndipo tukaelezwa desturi ambayo hatukuijua, pamoja na kukaa jirani miaka yote ile. Kwa Wabarabaig, mwanaume akimtia mkono mwanamke mwenye mimba, kosa lile si la mume kulidai wala si la wazee wa kiume kuliamua. Ni la wanawake wote. Wanakusanyika, wanaimba, wanakwenda, wanahukumu, na mwanaume anayeikataa hukumu yao wanamlaani, na laana ile hakuna mwanaume wa kwao anayethubutu kuijaribu. Wasichana wale wa jana walitumwa kuhakikisha kama kweli aliyepigwa ana mimba. Kulikuwa na mabishano bomani usiku kucha, Mama Zuhura alisema, kwa sababu wengine walidai mwanamke wa Kimbulu hahusiki na baraza lao. Udaseda aliwauliza kama mimba ya Kimbulu hubebwa mgongoni.

Gidamis aliletwa na mama yake mzazi, amemshika mkono kama mtoto. Alikuwa anatazama chini. Mama aliulizwa akaeleza, na hakuficha kwamba alimpiga mtamba kwanza. Udaseda akauliza, "Ng'ombe walikuwa wanakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Njia yao iko wapi?"

Nikamwona Mama anamtafuta Baba kwa macho kule kwenye zizi. "Imelimwa," akasema. "Mume wangu ndiye aliyeilima. Alitumwa."

Mama Zuhura alisita kidogo, halafu akatafsiri. Wale wanawake wakageuka wote wakamtazama Baba, na Baba akatazama mikono yake. Nilifikiri sasa watamnyanyukia yeye. Lakini Udaseda alirudi kwenye kesi iliyomleta. Gidamis alitozwa dume jeusi, la kuliwa na wanawake. Kisha akasema mahindi yabaki mahindi, lakini kando ya ua, upande wa chini, waachwe ng'ombe wapite kwa mstari, na Mama akasema sawa. Hakumuuliza Baba. Shamba lilikuwa la Mama kwa jasho, na siku hiyo lilikuwa lake kwa kauli pia.

Kwa haki ningeishia hapo, na mngefurahi. Lakini baba mdogo hakuwa ameshiba. Wanawake walipoondoka alimwambia Baba, "Watakula dume lao wenyewe, sisi tumepata nini? Hukumu yetu iko tumboni. Neno lako ni lile lile?"

"Ni lile lile," Baba akasema.

Mtoto alizaliwa kabla ya wiki kwisha, na alizaliwa mfu. Alikuwa wa kiume. Sikuoneshwa. Nilisikia Mama akilia mara moja, kilio kirefu, na baada ya hapo nyumba ikawa kimya hata kuku wakaniudhi kwa kelele zao.

Sasa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa Wambulu, nyumba ikipatwa na msiba wa mtoto namna ile inaingia metimani. Mnakaa wenyewe. Hamwingii kwa mtu na mtu haingii kwenu. Hampeani moto, hamchoti maji mahali pamoja na wengine, hamshikani mikono, ng'ombe wenu hawachangamani na wa jirani. Tulikuwa Wakristo, tulisali kila Jumapili, lakini metimani ilikuwa metimani. Haifanywi kwa chuki, ni kuogopa msiba usihame nyumba kwa nyumba. Ila mimi hakuna aliyekaa kunieleza. Niliona tu rafiki zangu wananiona kwenye njia na kugeuka. Niliona mama wa jirani, aliyenilea nusu, ananipita mbali kwa kupitia majanini. Nikafikiri wamejua jambo. Nikafikiri watu wote wanaamini sisi ndio tuliomuua mtoto, kwa sababu Baba alilima njia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mama aliujua peke yake, kwenye nyumba isiyopigwa hodi. Nilipika uji ukaungua. Maji yalikwisha, na kisima chetu cha kujitenga kilikuwa mbali.

Baba mdogo alirudi na wenzake. Hakuingia. Alisimama mpakani, ng'ambo ya ua, akaita.

"Kaka. Sisi hatuingii na wewe huchangamani nasi. Lakini porini kila mtu anatembea na miguu yake. Tangulia, tutakufuata kwa nyuma."

Baba alivaa viatu vyake vya mpira. Alichukua mkuki. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, akasema, "Usiende," na Baba akasema, "Nilitoa neno." Nilimshika ovaroli, akanibandua vidole taratibu, kimoja kimoja, bila hasira. Hilo ndilo ninaloliota mpaka leo, ule upole wake.

Alikuwa amefika katikati ya uwanja walipotokea wanawake watatu upande wa chini, kwenye njia mpya ya ng'ombe. Mbele Udaseda, nyuma yake Mama Zuhura, na nyuma yao mama yake Gidamis, ameinama kwa mzigo wa maji mgongoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Walipita mbele ya baba mdogo na upinde wake kama vile hayupo.

"Mama Zuhura," baba mdogo akaita, "waambie nyumba hiyo iko metimani. Haiingiwi."

"Wanajua. Niliwaambia tangu dukani."

Udaseda akasema kitu bila kusimama. Mama Zuhura akatafsiri, naye bila kusimama. "Anasema metimani ni yenu. Wao haiwafungi. Na mzazi hawezi kulala siku zote hizi bila mwanamke wa kumkanda."

Wakaja mpaka mbele ya Baba. Njia ya mlangoni ilikuwa nyembamba na Baba alikuwa ameiziba, mkuki mkononi. Mama yake Gidamis alisimama karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa. Alikuwa anatetemeka hadi maziwa yanasikika ndani ya kibuyu. Huyu ndiye mama wa mtu ambaye Baba alikuwa anakwenda kumuua. Alijua, na alikuja. Akasema maneno machache kwa lugha yao, akimtazama Baba usoni. Mama Zuhura alifungua mdomo atafsiri, akashindwa, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

Kule mpakani wanaume walikuwa wamesimama wote.

Baba aliuhamisha mkuki mkono wa kushoto, akaurudisha nyuma ya mgongo. Akainamisha kichwa mbele ya Udaseda.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikuwahi kumsikia mwanaume wa kwetu akimwamkia hivyo Mmang'ati, kabla ya siku ile. Yule kikongwe hakujua Kiswahili, lakini alimwekea kiganja kichwani akamjibu kwa maneno yake.

"Kaka," baba mdogo akaita. Baba hakugeuka. Aliuegemeza mkuki kwenye kinu, akampokea mama yake Gidamis ule mzigo wa maji, akamfungulia mlango.

Kutoka kitandani Mama akauliza ni nani, maana siku zile hakuna mtu aliyekuwa anakuja kwetu.

"Una wageni," Baba akamwambia.